Neno "kutumia" katika hati ya kuachiliwa

Jumamosi moja jioni, miaka michache iliyopita, mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye tunasali naye kanisa moja katika mji huu wa Marekani ninakoishi alinipigia simu akaniomba nipite kwake. "Dada, kuna karatasi za mtoto, uje unisomee," alisema, na kwa namna alivyoishusha sauti nilijua kwamba hazikuwa karatasi za shule. Ninafanya kazi ya tafsiri, na katika jamii yetu ya wahamiaji mtu akishajulikana kwa kazi hiyo huletewa kila hati inayoingia nyumbani kwa watu kwa lugha wasiyoielewa: barua za bima, mikataba ya kupanga nyumba, majibu ya hospitali. Hii ilikuwa hukumu ya mahakama ya shirikisho. Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, pembeni ya bakuli la sombe lililofunikwa kwa sahani, na kijana mwenyewe alikuwa amekaa upande wa pili, mikono yake ikiwa chini ya meza.

Kosa lake nitalieleza kwa kifupi, kwa ruhusa yake. Baada ya kuachishwa kazi katika ghala moja, aliingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mahali hapo kwa nywila ya aliyekuwa msimamizi wake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha, akafuta kumbukumbu za mizigo ya wiki nzima. Watu walipata hasara, na waliokuwa wafanyakazi wenzake walikesha wakihesabu makasha upya. Alikiri kosa, akatumikia kifungo cha miezi kadhaa, akatoka akiwa na miaka mitatu ya kuishi chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Siandiki haya ili kumsafisha, wala yeye hajaniomba nimsafishe. Ninaandika kwa sababu ya sentensi moja iliyokuwa katika ukurasa wa masharti maalumu, ambayo niliisoma kwa Kiingereza mara tatu kabla ya kuthubutu kuitamka kwa Kiswahili: kwamba hatamiliki wala kutumia kompyuta, wala kifaa chochote kinachoweza kuunganishwa na intaneti, bila idhini ya awali ya afisa wake.

Nilikuwa sijamaliza kuisoma simu ya mama ilipoanza kuita. Ni simu ya kawaida tu, kioo chake kimepasuka kwenye kona, na kila Jumamosi jioni bibi wa mtoto huyo hupiga kwa WhatsApp kutoka Uvira ili awaone wajukuu. Mama aliipokea, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, na uso wa bibi ukajaa kiooni. Kijana aliinuka papo hapo. Alitoka jikoni akaenda kusimama kwenye ujia unaoelekea vyumbani, mgongo wake ukiwa ukutani, mahali ambapo simu haikuweza kumwona, akapaza sauti kutoka huko: "Koko, jambo!" Bibi alimjibu, akauliza yuko wapi, mbona hamwoni. Hakusogea. Mazungumzo yalipokwisha alirudi, akaniuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo. "Tantine," alisema, kama vijana wa Uvira na Bukavu wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao, "nikisema na koko kutoka pale, ninatumia?"

Sikuwa na jibu, na hiyo ndiyo aibu ya sentensi ile. Kitenzi chetu "kutumia" kimetoka kwa "kutuma". Ukimtumia mtu salamu, umemfanya mwingine azifikishe. Ukitumia jembe, umelituma jembe likufanyie kazi ambayo mikono mitupu isingeiweza. Ukilifuata neno hilo kwa mantiki yake, kijana aliyepaza sauti kutoka kwenye ujia aliituma simu ya mama yake imfikishie bibi salamu, hata kama hakuigusa wala kuitazama. Kiingereza cha hati hakikunisaidia kutoka hapo, kwa sababu nacho kina utata ule ule. Hati ilimkataza kitendo ambacho hakuna mtu katika jikoni lile, wala mimi ninayelipwa kujua maana za maneno, aliyeweza kusema kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Na mtu asiyejua mpaka uko wapi, akiwa anajua kwamba kuuvuka ni kurudi gerezani, hukaa mbali nao kuliko inavyohitajika. Ndiyo sababu alisimama kwenye ujia.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilianza kusoma, na nimeendelea kusoma tangu hapo. Jambo la kwanza nililotaka kulielewa ni mpango wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunauchanganya na parole. Parole ni mfungwa kutolewa kabla ya kifungo kwisha, ili sehemu iliyobaki aimalizie nje. Marekani iliondoa utaratibu huo katika mahakama zake za shirikisho kwa Sheria ya Mageuzi ya Adhabu ya mwaka 1984, na kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987, mfungwa hukaa gerezani karibu muda wote aliohukumiwa, kisha anapotoka huanza muda mwingine wa kuishi chini ya uangalizi. Kuachiliwa kwa uangalizi, kwa hiyo, ni nyongeza iliyowekwa juu ya kifungo kilichokwisha kutumikiwa. Kwa makosa mengi ya kompyuta nyongeza hiyo ni hadi miaka mitatu. Kwa baadhi ya makosa dhidi ya watoto, tangu mwaka 2003, inaweza kuwa ya maisha. Zaidi ya watu 100,000 huishi katika hali hiyo kwa wakati mmoja.

Fomu ya hukumu ina masharti 13 ya kawaida yanayowekwa kwa karibu kila mtu. Anatakiwa aripoti ofisi ya probesheni ndani ya saa 72 baada ya kutoka, asitoke nje ya wilaya ya mahakama bila ruhusa, atoe taarifa siku 10 kabla ya kuhama, na afanye kazi kwa angalau saa 30 kwa wiki au awe anaitafuta. Baada ya hayo huja masharti maalumu, ambayo jaji huyapanga kwa kuangalia mtu na kosa lake. Sheria imemwekea jaji mipaka kwa maneno ambayo mimi ninayapenda: masharti lazima yahusiane kwa namna ya busara na kosa, na historia ya mtu, na usalama wa umma, na yasimnyime uhuru zaidi ya kiasi kinachohitajika kwa malengo hayo. Haki yote ninayoizungumzia hapa imelala katika kifungu hicho kidogo, "zaidi ya kiasi kinachohitajika". Yule kijana alitakiwa atafute kazi ya saa 30 kwa wiki katika nchi ambayo hata kazi ya kufagia maombi yake hujazwa kwenye tovuti, na ukurasa uliofuata wa hati ile ile ulimkataza kugusa kifaa cha kujazia maombi hayo.

Anayetaka kujua masharti ya aina hii yalizaliwaje hawezi kukwepa jina la Kevin Mitnick. Alikamatwa Raleigh, North Carolina, mwezi Februari 1995, baada ya kusakwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa kuingia katika mitandao ya makampuni ya simu na ya kompyuta na kunakili programu zao. Magazeti yalimfanya zimwi. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba mwendesha mashtaka aliwahi kumwambia jaji kuwa angeweza kuanzisha vita vya nyuklia kwa kupiga mluzi kwenye simu, na kwamba kwa hofu hiyo alifungiwa peke yake kwa miezi minane. Alipotoka gerezani Januari 21, 2000, alikuta masharti ambayo orodha yake unaweza kuisoma kama mtu anavyosoma hesabu ya mali ya duka zima: asiwe na kompyuta, programu ya kompyuta, modemu, kifaa chochote cha kuunganishwa na kompyuta, kompyuta ya mkononi, simu ya mkononi, televisheni yenye uwezo wa kuingia mtandaoni, wala chombo kingine chochote cha elektroniki, kilichopo sasa au kitakachobuniwa baadaye, kinachoweza kugeuzwa kuwa kompyuta. Alikatazwa pia kumshauri mtu au kikundi chochote kuhusu shughuli za kompyuta.

Hayo maneno "kitakachobuniwa baadaye" yanastahili kutazamwa polepole. Sheria ya jinai ina kanuni ya kale kwamba mtu aonywe kabla ya kuadhibiwa, ajue leo ni kipi kimekatazwa leo. Hapa mtu aliwekewa marufuku ya vitu ambavyo hata aliyeandika marufuku hakuvijua. Na katazo la kushauri lilimfuata mpaka kwenye ulimi wake, kwa sababu kushauri ni kusema, na kusema kunalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya nchi hiyo. Miezi michache baada ya kutoka alialikwa kuandika na kutoa mihadhara kuhusu usalama wa kompyuta, akazuiwa na ofisi ya probesheni, na ilibidi arudi mahakamani ndipo mlango ukafunguliwa kiasi. Mwezi Machi 2000 alikuwa amekaa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti akiwaeleza wabunge jinsi ya kulinda mifumo ya serikali. Kwa hiyo taifa lilitaka maarifa yake, nalo taifa hilo hilo lilimkataza kuyatamka kwa mwajiri. Masharti yalikwisha Januari 2003, akaketi mbele ya kompyuta katika kipindi cha televisheni akaingia mtandaoni kwa mara ya kwanza tangu alipokamatwa. Aliishi miaka ishirini baada ya hapo akifanya kazi ya kupima usalama wa mifumo kwa idhini ya wenyewe, akafariki mwaka 2023.

Wakati Mitnick bado anahesabu siku, mahakama za rufaa zilikuwa zimeanza kupata shida na lugha hii. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa yenye makao Denver ilikuwa na kesi ya mtu aliyekatazwa "kumiliki" kompyuta yenye intaneti. Majaji waliligeuza neno hilo mikononi kama mimi nilivyofanya jikoni kwa mama yule. Wakasema ukilichukua kwa ufinyu, mtu ataingia maktaba na kutumia kompyuta isiyo yake kwa ubaya anaoutaka, na sharti halitakuwa limezuia lolote. Ukilichukua kwa upana, atakuwa amekatazwa kufanya utafiti maktabani, kutazama utabiri wa hali ya hewa, au kusoma gazeti mtandaoni. Kwa pande zote mbili sharti lilikuwa limekosa shabaha, wakalirudisha kwa jaji aliandike upya. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya New York ilifuta katazo la kompyuta alilowekewa mtu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kuiibia benki, ikatoa mfano ambao ningependa kila mwandishi wa masharti aubandike ukutani: mtu anaweza kutapeli kwa simu, lakini hilo halihalalishi kumkataza kabisa kutumia simu.

Si mahakama zote zilizokubali. Ile ya New Orleans, mwaka 2001 pia, iliidhinisha katazo la moja kwa moja la kompyuta na intaneti kwa mtu aliyekutwa na picha za unyanyasaji wa watoto na aliyetumia mtandao kuwashauri wenzake jinsi ya kuwafikia watoto, na nikisoma maelezo ya aliyoyafanya mtu yule ninaelewa kwa nini mkono wa jaji haukutetemeka. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 2015, ilikataa katazo la aina hiyo lilipofanywa kuwa la maisha, na katika kesi nyingine ya mwaka huo ikafafanua kwamba sharti la idhini ya awali lisisomwe kana kwamba mtu lazima aombe ruhusa upya kila anapotaka kugusa kompyuta. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita kati ya hukumu hizo, na katika miaka hiyo kompyuta ilikuwa imetoka mezani ikaingia mfukoni.

Hapa kuna jambo ninalopaswa kulisema waziwazi, kwa kuwa najua litamkera msomaji mwenye watoto, nami pia nina watoto. Sehemu kubwa ya hukumu zilizopanua haki hizi zinatokana na kesi za watu waliotenda maovu dhidi ya watoto, na si za vijana waliofuta kumbukumbu za ghala. Wao ndio waliowekewa masharti makali zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na kwa hiyo ndio waliokuwa na sababu ya kukata rufaa. Sitaki kuwatetea. Nataka tu tuone kwamba sentensi iliyobuniwa kwa ajili yao ndiyo iliyonakiliwa ikawekwa mbele ya kijana wa Uvira, bila mtu kuuliza kama inamfaa. Sharti kali likishakubalika kwa mtu anayechukiwa na wote, huwa tayari kwenye rafu, na kulichukua kwa ajili ya mwingine ni rahisi kuliko kuandika jipya.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika kesi maarufu kuliko zote, ya Packingham dhidi ya North Carolina. Bwana Packingham alikuwa ametiwa hatiani mwaka 2002 kwa kosa la ngono na msichana mdogo, akamaliza adhabu yake. Mwaka 2008 jimbo lilipitisha sheria iliyofanya iwe jinai kwa mtu aliye katika daftari la wakosaji wa aina hiyo kuingia kwenye mitandao ya kijamii inayoruhusu watoto kujiunga. Mwaka 2010 alifutiwa kesi ya faini ya barabarani, akaandika kwenye Facebook akimshukuru Mungu kwa upendeleo huo, na polisi wa Durham waliokuwa wakipekua mtandao wakamwona. Alitiwa hatiani kwa shukrani ile. Juni 19, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta sheria hiyo, na majaji wote wanane walioshiriki walikubaliana juu ya matokeo. Jaji Kennedy alifananisha mitandao ya kijamii na uwanja wa wazi ambako watu hukutana na kusikilizana, akaandika kwamba hata waliotiwa hatiani, na pengine wao hasa, hunufaika kwa kuufikia ulimwengu wa mawazo kama wanataka kuishi maisha ya kufuata sheria.

Hukumu hiyo ilihusu watu waliokwisha kumaliza adhabu, na tangu hapo mahakama za chini zimekuwa zikibishana kama inawagusa walio bado chini ya uangalizi. Ile ya Philadelphia ilisema mwaka 2018 kwamba inawagusa, ikarudisha masharti ambayo sehemu moja ilikataza intaneti kabisa na sehemu nyingine ilidokeza kwamba inaruhusiwa kwa idhini. Nyingine zimesema mtu aliye bado ndani ya adhabu yake ana haki pungufu, basi. Mimi si mwanasheria, lakini ninadhani mabishano hayo yanakwepa kile kifungu nilichokitaja. Hata kama Katiba ingenyamaza, sheria yenyewe ya mwaka 1984 inasema uhuru usinyimwe zaidi ya kiasi kinachohitajika. Swali ni kiasi gani kilihitajika ili kijana asirudie kuingia katika mfumo wa watu, na kama kiasi hicho kinajumuisha uso wa bibi yake.

Kule kwetu Afrika Mashariki wengi husikia habari hizi wakidhani ni mambo ya watu wenye kompyuta. Jaribuni kulihamishia sharti lile Nairobi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mwenye kukatazwa simu hukatazwa pia kulipwa kibarua, kulipa matatu, kumchangia jirani aliyefiwa. Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 na Tanzania ina ya mwaka 2015, na vifungo vya nje vinajulikana katika nchi zote mbili. Siku hakimu atakapotaka kuandika sharti la aina hii kwa Kiswahili, ningependa awe ameshajiuliza neno "kutumia" linabeba nini.

Kuna upande wa pili wa masharti haya ambao huzungumzwa kidogo, nao ni watu wa nyumba. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2014, kwa kauli moja, kwamba polisi anayemkamata mtu hawezi kupekua yaliyomo ndani ya simu yake bila hati ya mahakama, kwa sababu simu imebeba maisha yote ya mtu. Lakini ilikuwa imesema mwaka 2001 kwamba nyumba ya mtu aliye chini ya probesheni, yaani uangalizi badala ya kifungo, mwenye sharti la kukubali upekuzi, inaweza kupekuliwa bila hati kama kuna sababu ya msingi ya kumshuku. Ukiziunganisha hukumu hizo mbili katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu watano, haijulikani faragha ya nani inaishia wapi. Dada mdogo wa kijana huyu alikuwa sekondari na shule ilikuwa imempa kompyuta ndogo ya masomo. Baada ya kaka yake kurudi, mama alimwagiza asiifungulie nyumbani. Kila jioni alikuwa akibaki maktabani mpaka taa zinapozimwa, kisha anairudisha ikiwa ndani ya begi, na begi linafungiwa kwenye sanduku la nguo za mama, ufunguo ukikaa shingoni pamoja na msalaba. Hakuna jaji aliyeamuru hivyo. Hofu ndiyo iliyoamuru, kwa sababu sentensi haikusema kompyuta ya nani.

Na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mtu anayeshtakiwa kwa kosa jipya ana baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida wanaoamua kama ana hatia, na serikali lazima ithibitishe pasipo shaka ya msingi. Mtu anayedaiwa kuvunja sharti la kuachiliwa hana baraza hilo. Jaji mmoja huamua kwa kupima tu upande upi una uzito zaidi, na kwa kosa la daraja kama la kijana huyu anaweza kumrudisha gerezani kwa hadi miaka miwili. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilifuta kipande kimoja cha utaratibu huo kilicholazimisha kifungo kirefu bila baraza, lakini sehemu kubwa ya utaratibu imebaki ilivyokuwa. Kwa hiyo neno lisiloeleweka huzaa madaraka. Afisa wa probesheni anayeamua kwamba kusema kutoka kwenye ujia ni "kutumia" atakuwa ameandika sheria, na anayeamua kwamba si kutumia atakuwa ameandika nyingine. Afisa wa kijana huyu, nilivyomwona mara mbili, alikuwa mtu mwenye subira na mafaili mengi mno. Alipoulizwa kuhusu simu ya mama alisema ni afadhali kuwa upande wa salama. Simlaumu sana. Hakuwa na neno la kushika zaidi ya lile lililokuwa kwenye karatasi.

Inawezekana kuandika vingine, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua unatoka Alaska. Mwezi Septemba 2018, vijana watatu waliotengeneza Mirai, programu iliyoteka maelfu ya kamera na ruta za majumbani na kuzigeuza jeshi la kuangusha tovuti, walihukumiwa huko Anchorage. Madhara ya kazi yao yalikuwa makubwa mno ukilinganisha na makasha ya ghala. Walipewa probesheni ya miaka mitano, fidia ya dola 127,000, na saa 2,500 za kazi ya jamii, ambayo ilikuwa pamoja na kusaidia FBI kupambana na uhalifu wa mtandaoni. Walikuwa wamekwisha kushirikiana na wapelelezi kwa kiasi kikubwa, na hilo lilihesabiwa. Ninachokiona mimi ni kwamba mahakama iliangalia kile walichokitenda, ikaacha kukiogopa chombo chenyewe. Vidole vile vile, kibodi ile ile, vikapewa kazi nyingine.

Mama yule hakujua kwamba masharti yanaweza kubadilishwa. Wengi hawajui, kwa kuwa hukumu ikigongwa muhuri huonekana kama jambo lililofungwa, ilhali sheria inamruhusu jaji kurekebisha masharti wakati wowote kabla muda haujaisha, na hata kuufupisha uangalizi wenyewe baada ya mwaka mmoja kama mwenendo wa mtu unastahili. Tulimwandikia wakili wa umma aliyemtetea. Nilimwomba kijana aandike kwa mkono wake, kwa wiki mbili, kila mahali alipokwama, na orodha hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Kiosk cha kuagizia chakula. Mashine ya kununulia tiketi ya basi. Fomu za kazi, tano. Miadi ya daktari wa meno. Saa ya kusaini kuingia kazini kwenye karakana iliyokuwa tayari kumwajiri. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, "Koko", na siku mbili za Jumamosi.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, kurasa mbili. Sasa anaruhusiwa simu moja iliyosajiliwa kwa afisa, yenye programu ya ufuatiliaji ambayo gharama yake ya kila mwezi anailipa mwenyewe, na kompyuta za kazini kama mwajiri anajua historia yake. Amekatazwa kuingia, au kujaribu kuingia, katika mfumo wowote ambao mwenyewe hajampa ruhusa. Sentensi hiyo ya mwisho niliitafsiri mara moja tu, bila kusita. Ufuatiliaji una maswali yake mazito. Mahakama ya New York ililiona hilo mwaka 2004 iliporudisha sharti la namna hiyo ili lipimwe kama halichukui zaidi ya linachotafuta, na sidhani kwamba mtu anayeangaliwa kila herufi anayoiandika yuko huru kwa maana ninayoitaka. Lakini neno "kutumia" sasa lilikuwa na mipaka ambayo angeweza kuionyesha kwa kidole. Mama alitoa ufunguo shingoni akafungua sanduku. Kisha akauliza kuhusu runinga mpya ya sebuleni, ambayo nayo huunganishwa na intaneti. Nilipitia kurasa zote mbili. Haikutajwa, nikaandika swali jingine kwa wakili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo bibi alipopiga. Kijana alikaa mezani safari hii, akaishika simu kwa mikono miwili, karibu mno na uso, hata bibi akamwambia aisogeze kidogo amwone vizuri. Alimuuliza kwa nini siku zile zote alikuwa akimpigia kelele kutoka mbali kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Akamjibu kwamba simu ilikuwa mbovu.